Kiburi na Paji la Uso

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Jua, ewe ndugu Muislamu wa Wambaa na wa kila mji wa pwani, ya kwamba kiburi si kanzu safi wala kilemba kizuri. Mtume (S.A.W.) alipofundisha kwamba haingii Peponi mtu ambaye moyoni mwake mna kiburi cha uzito wa chembe, aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Akafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri, naye hupenda uzuri. Ama kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mtu aweza kuvaa kitambaa kilichotoboka, na kiburi kimemjaa tele.

Tazama kisiwa hiki cha Pemba. Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya ngome ya karne ya 15. Wazee husimulia kwamba mwenyewe, Mkama Ndume, aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakisota, wala asiwape ruhusa ya kusimama. Leo kuta zimeanguka, na hapana abebaye hata kijiwe kwa amri yake.

Wala mwenye mali asimcheke mwenye enzi. Mwaka 1872 tufani kuu iliipiga Unguja ikaiangusha mikarafuu iliyo mingi. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndipo ilipoipita Unguja kwa karafuu. Je, ni nani katika wenye mashamba aliyeuzuia upepo kwa mkono wake? Basi akimdharau mchumaji wake, ajivunia nini?

Sasa iangalie sijda. Katika masharti yake kwa madhehebu ya Imamu Shafi yamo haya matatu. La kwanza, sehemu ya paji la uso iwe wazi, iguse mahali pa kusujudia. Kilemba kikilifunika lote pasipo udhuru, sijda haisihi. La pili, uzito wa kichwa uelemee chini. Kugusa tu hakutoshi. La tatu, sehemu za nyuma ziinuke kuliko kichwa.

Zingatia hekima yake. Kilemba, alama ya heshima, hakiachwi kuingia baina ya mja na ardhi. Na kichwa kilichozoea kuamrisha huteremshwa chini ya kiuno. Mkama Ndume aliwashusha watu kwa ajili ya nafsi yake. Sijda humshusha tajiri na mchumaji pamoja, safu moja, kwa ajili ya Mola mmoja, wala hapana aibu.

Lakini tahadhari. Kwa siku isiyokuwa Ijumaa, sala tano za faradhi zina rakaa 17, nazo ni sijda 34. Mtu akizitimiza zote, kisha akamkunjia uso maskini aliyesimama naye bega kwa bega, au akaikataa haki kwa kuwa imesemwa na mdogo wake, basi paji lake limesujudu na moyo wake ungali umesimama. Kabla ya kulala na ajiulize: leo ni nani aliyenambia kweli nikamkasirikia? Asubuhi amwendee, amtake radhi.

Ewe Mola, zisujudishe nyoyo pamoja na nyuso. Amin.