SOMO LA KIKUNDI: MTEJA AKIJA KUJICHUMIA SHAMBANI



Kila kikundi kinacholima kinajua uchungu huu. Mazao yameiva, broka anafika na pikapu, anataja bei yake, nasi tunakubali kwa sababu tukikataa yataoza. Katika somo hili tutaangalia wakulima wa mbali waliokuwa na shida kama yetu, na njia moja waliyojaribu: badala ya kumpelekea mteja mazao, walimwalika aje shambani, achume mwenyewe na alipe. Tusome pole pole, halafu tujadili maswali yaliyo mwisho.

1. Siku moja shambani

Twende Marekani, katika bonde la mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Huko kuna mashamba mengi ya matofaa, yale matunda ambayo sokoni kwetu tunayaita epo. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, kila Jumamosi na Jumapili, familia hutoka mjini kwa magari kwenda kuchuma. Baba, mama, watoto, hata nyanya hawaachwi nyumbani.

Mahali pengi mgeni hununua mfuko mtupu hapo mlangoni. Bei ni ya mfuko, sio ya kuhesabu tunda moja moja. Anaonyeshwa mistari ya miti iliyo tayari siku hiyo, anaingia na watoto wake, wanajaza mfuko. Baadaye wanapanda tela la trekta kwenda kwenye shamba la malenge, na kila mtoto anachagua la kwake. Mengi ya malenge hayo hata hayapikwi! Yanachongwa macho na mdomo, mshumaa unawekwa ndani, kisha yanapangwa mbele ya nyumba kwa ajili ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Sisi tunaokula malenge pamoja na majani na mbegu zake lazima tushangae. Lakini tuangalie vizuri: huyu mkulima anauza nini hasa? Anauza matunda, ndiyo, lakini pia anauza siku ya furaha ya familia.

2. Kwa nini walianza

Haikuanza kama mchezo. Uchumi wa Marekani ulipoanguka katika miaka ya 1930, na tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bei za matunda zilikuwa chini sana. Wakulima wengine walipiga hesabu wakaona kulipa vibarua wa kuvuna na kununua masanduku ni hasara tupu. Wakafungua malango, watu wakaja kujichumia. Mwaka 1976 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kusaidia wakulima kumwuzia mlaji moja kwa moja. Na katika sensa ya kilimo ya mwaka 2022, mashamba zaidi ya 28,000 yalisema yanapata pesa kutokana na wageni wanaokuja kutembea na kujiburudisha. Hata hivyo, hayo ni machache kati ya mashamba karibu milioni mbili ya nchi hiyo. Kwa hivyo njia hii sio ya kila mtu.

3. Kazi ambayo mgeni haioni

Mgeni anaona matunda tu. Kumbe nyuma yake kuna mipango mingi:

(a) Miti mifupi. Wakulima wengi hupandikiza matofaa juu ya mashina yanayofanya mti ubaki mdogo. Shina moja maarufu linaitwa M9, lililotoka kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Mtoto anafikia matunda akiwa amesimama chini, hakuna haja ya ngazi. Mtu akianguka kutoka kwenye ngazi, faida ya msimu mzima inaweza kwenda naye.

(b) Kuiva kwa zamu. Mkulima hapandi aina moja. Anaweza kuwa na Gala za kuanza msimu, McIntosh za Septemba, na Fuji za kufunga msimu. Hivyo mgeni wa kila wiki anakuta kitu.

(c) Kumfundisha mgeni. Tofaa halivutwi kwa nguvu. Unalishika kwa kiganja, unaliinua juu huku ukilizungusha kidogo, nalo linaachia lenyewe. Ukivuta unaweza kung'oa kitawi kidogo ambacho kingezaa tena mwaka ujao. Mti hautikiswi, na tunda halitupwi kwenye mfuko, maana likichubuka litaoza na kuozesha mengine.

Malenge pia yana adabu yake. Jaribu ganda kwa ukucha: likikataa kuingia, limekomaa. Kata kwa kisu ukiacha kikonyo cha kutosha. Usilibebe kwa kikonyo, kwa sababu kikivunjika hapo ndipo uozo unapoingia. Haya yanatufaa hata sisi tunaoweka malenge ya kula nyumbani.

(d) Choo, maji ya kunawa, mahali pa kuegesha magari, mtu wa kupokea pesa, na bima, ili mgeni akiumia mkulima asiuze shamba kumlipa.

4. Hatari zake

Wageni wengi huja wikendi, na msimu ni wiki chache tu. Wikendi mbili za mvua mwezi wa Oktoba zinaweza kuharibu hesabu ya mwaka. Tena, usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2023, baridi kali ya barafu iliua matunda machanga katika New York na Vermont. Kuna wakulima waliopoteza karibu mavuno yote, na bila matunda hakuna mgeni wa kuja kuchuma.

Hatari nyingine ni afya. Mwaka 1996 maji ya matofaa ambayo hayakupashwa moto kuua vijidudu yaliugulisha makumi ya watu Marekani na Kanada, na mtoto mmoja akafa. Vijidudu vya aina hiyo hukaa katika kinyesi cha wanyama, na tunda lililoanguka chini linaweza kuvipata. Ndiyo maana matunda yaliyoanguka hayafai kukamuliwa maji ya kunywa mabichi, na mikono hunawiwa kabla ya kula.

5. Tunajifunza nini?

Hatuwaambii mkang'oe mahindi mpande matofaa. Barabara yetu, soko letu na mifuko ya majirani wetu sio kama ya New York. Jambo la kujifunza ni hili: mteja akija mwenyewe, gharama haziishi, zinabadilika tu. Unaokoa pesa ya kuvuna, ya magunia, ya gari na ya broka. Lakini unaongeza gharama ya choo, ya mtu wa kumwongoza mgeni, ya matunda yatakayokanyagwa, na ya siku ambayo hakuna anayekuja. Kikundi kinachoandika upande mmoja tu wa hesabu kitajidanganya.

Maswali ya kujadili

1. Ni zao gani letu ambalo mtu angekubali kufunga safari kulifuata? Angetoka wapi, na kwa barabara gani wakati wa mvua?

2. Katibu achore mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andikeni tutakachookoa, upande wa pili tutakachoongeza. Upande gani ni mzito?

3. Mtoto wa mgeni akiumia shambani kwetu, nani atawajibika?

4. Kabla ya kualika watu wa mbali, je, tunaweza kujaribu Jumamosi moja na majirani, walimu na wauguzi wa hapa karibu? Nani atasimama mlangoni, na nani atashika daftari?

Msiharakishe swali la pili. Kama karatasi haitoshi, ongezeni nyingine.