DAMU KATIKA CHOO: TUSIONE HAYA KUSEMA

Ndugu wanakikundi, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hatupendi kulitaja: choo kikubwa chenye damu. Mgonjwa akificha, anaumia kimya kimya.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5. Kazi yake ni kufyonza maji na chumvi kutoka kwa mabaki ya chakula. Ukuta wake wa ndani ni kama wa nyumba ya udongo. Juu kuna upako laini, yaani safu moja tu ya seli. Chini yake kuna udongo unaoshikilia upako: hiyo ndiyo tishu unganishi. Humo hupita mishipa midogo sana ya damu, na hukaa seli zinazolinda mwili, kama askari wa zamu.

Adui mmoja wa ukuta huu ni amiba. Huingia mdomoni ikiwa ndani ya ganda, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Wengine hukaa nayo bila kuugua, kumbe wanaambukiza wenzao. Lakini ikianza kushambulia, hufanya kama mchwa: hutoboa tundu dogo katika upako, kisha hula udongo ulio chini. Kidonda huwa na mdomo mwembamba na tumbo pana, kama kibuyu. Mishipa ikikatika, damu na kamasi hutoka chooni. Amiba zaweza kufuata damu hadi kwenye ini na kuleta jipu.

Bakteria waitwao shigela nao huleta kuhara damu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na dawa ya amiba haiui shigela. Basi kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni hatari.

Tufanye nini?

1. Anayehara apewe vinywaji mara kwa mara. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonye kama kawaida.

2. Ukiona damu, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hasa kwa mtoto. Choo kipimwe, na dawa imalizwe hata kama tumbo limetulia.

3. Chemsha maji ya kunywa. Klorini ya kawaida haitoshi kuua amiba iliyo ndani ya ganda.

4. Tumia choo, na unawe kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika.

Mtu mzima anayeona damu mara kwa mara bila kuhara, naye apimwe. Yaweza kuwa bawasiri, yaweza kuwa saratani. Ikigunduliwa mapema, matibabu huwa rahisi zaidi.

Maswali ya kujadili

- Kwa nini kidonda chenye mdomo mdogo chaweza kuwa kikubwa ndani?
- Ni boma ngapi katika kikundi chetu zina maji na sabuni karibu na choo? Zile zisizo nazo, tutaanza kuzisaidia lini?