Mbolea na Maji katika Shamba la Tumbako

Wewe mwenye shamba, upande wa Butembo au kule Beni, usitazame ukubwa wa jani peke yake. Jani pana, zito, la kijani kibichi sana, humfurahisha mtu shambani. Likikauka humwaibisha mbele ya mnunuzi, maana halishiki moto.

Mavi ya ng'ombe ni mazuri, lakini yaache kwanza yaoze, ukayafukie kabla ya kupanda. Ukiyatia mabichi, au mche ukiwa umekwisha kuwa mrefu, azoti yake, yaani chakula kinachokuza majani, huendelea kulilisha jani lililopasa kuiva. Jani hilo hukawia kugeuka manjano, na moshi wake ni mkali.

Potasi ndiyo isaidiayo jani kuwaka, nayo imo katika majivu ya kuni. Lakini angalia! Usitie majivu ya mimea ya majini, yale ambayo mahali pengi katika Kongo watu waliyachuja ili kupata chumvi, wala takataka za chumvi ya Katwe. Klori iliyomo katika chumvi hulifanya jani kavu livute unyevu, na moto wake huzimika. Ukinunua mbolea ya potasi, chagua ya salfa, si ya klori.

Sasa maji. Huku mvua hupungua Januari na Februari, tena Juni na Julai. Hesabu kwa kurudi nyuma: ili majani yaive Juni, hamisha miche Machi, na mbegu uzimwage Januari. Butembo kuna baridi. Huko anza mapema kidogo. Basi kitalu kitakuwa katika jua, nawe ukinyunyizie asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu madogo. Gramu moja ina mbegu 10,000 na zaidi. Maji ya ndoo huzichukua zote. Siku 10 za mwisho punguza maji, mche ukaze shina.

Shambani panda juu ya matuta. Maji yakisimama, mizizi hukosa hewa na majani hulegea ijapokuwa udongo umelowa. Wengine wakiona hivyo huongeza maji! Mvua kubwa ikinyesha majani yameiva, huosha utomvu wake wa kunata. Ngoja siku chache urudi, ndipo uchume.

Kabla ya kuuza, washa ukingo wa jani kavu, uuzime mwali, utazame. Kaa likitembea polepole na kuacha majivu meupe, ni vizuri. Likifa upesi na kuacha weusi, kumbuka ulitia nini shambani, na lini.