Maana ya Kauli «Kubeba Silaha Juu Yetu»

Ndugu Muislamu, imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kubeba silaha juu yetu si katika sisi. Je, avaaye jambia siku ya harusi naye yumo? Hayumo. Kauli yote imefungwa na neno dogo la Kiarabu, «'alaa», nalo hapa ni kumkabili mtu kwa shari. Kuchukua silaha ni jambo moja. Kumnyanyulia mwenzio ni jambo jingine.

Hata mzaha umekatazwa, kwani huenda Shetani akauponyoza mkono. Na apitaye msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa azishike ncha zake. Basi mtoto achomoaye jambia la babake, akamwelekezea nduguye huku akicheka, akanywe palepale.

Ama «si katika sisi», hapa ndipo walipoteleza watu. Azariqa walimhukumu Muislamu mwenye dhambi kubwa kuwa ni mshirikina, wakahalalisha damu yake na mali yake. Wazee wetu wa madhehebu walijitenga nao. Kwetu sisi, anyanyuaye silaha kwa dhulma amekufuru neema, wala hakushiriki: hurithi na kurithiwa, ndoa yake haivunjiki, na mali yake haiwi ngawira hata akipigwa vita.

Abu Bilal Mirdas bin Udayya, alipotoka Basra na watu wake arubaini, alitangaza kuwa hatamtisha mtu njiani, wala hatapigana ila na atakayempiga. Aliuawa mwaka 61 Hijria. Na wapokezi wanasema alishambuliwa akiwa katika Sala.