Chemsha Maziwa, Soma Lebo



Maziwa ni chakula bora. Hujenga mwili na mifupa ya mtoto. Huku kwetu Shinyanga na Geita ng'ombe ni wengi. Maziwa huuzwa kila siku sokoni, magengeni na kwenye machimbo ya dhahabu. Lakini maziwa yasiyo salama huleta maradhi.

Maradhi ya maziwa mabichi

Vijidudu havionekani kwa macho. Maziwa yanaweza kuwa meupe na matamu, kumbe yana vijidudu vya kifua kikuu au vya bruselosi. Bruselosi ndio ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu akinywa maziwa mabichi ya ng'ombe huyo, anaweza kupata homa inayokuja na kuondoka. Hutoka jasho usiku, na viungo na mgongo humuuma.

Wengi hudhani ni malaria. Wanameza dawa, homa inarudi. Ukiona hivyo nenda zahanati, umwambie mganga: "Mimi hunywa maziwa mabichi." Neno hilo litamsaidia kujua kipimo kinachofaa. Ugonjwa huu hutibika, lakini dawa humezwa kwa wiki sita au zaidi. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

Kinga ni rahisi. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Hata ya mtindi, yachemshe kwanza, yapoze, ndipo uyagandishe. Ng'ombe akitupa mimba, usishike ndama mfu kwa mikono mitupu. Mwite Bwana Mifugo.

Vitu ambavyo moto hauviondoi

Ng'ombe akichomwa sindano, dawa huingia katika maziwa. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa. Muulize Bwana Mifugo ni siku ngapi maziwa hayo yasinywewe wala kuuzwa.

Katika machimbo ya Geita, kama Rwamgasa na Nyarugusu, wachimbaji wametumia zebaki kukamata dhahabu. Wakulima nao hununua dawa ya kunyunyizia pamba. Zote mbili ni sumu. Chupa au dumu lililobeba vitu hivyo lisitiwe maziwa kamwe, hata likioshwa mara kumi. Tumia chombo chenye mdomo mpana na mfuniko, ili mkono uingie na kusugua ndani.

Soma lebo

Lebo ni maandishi yaliyo juu ya pakiti au kopo. Wewe unajua kusoma, basi soma kabla ya kulipa. Tazama jina la chakula, vitu vilivyomo, uzito, na jina na mahali alipo mtengenezaji. Tazama pia alama ya ubora ya TBS. Kisha tafuta tarehe. Herufi MFG huonyesha siku kilipotengenezwa. Herufi EXP huonyesha siku ya mwisho ya kutumia. Siku hiyo ikipita, usinunue. Pakiti iliyovimba au tarehe iliyofutwa, ikatae.

Sheria na sisi

Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa. Tangu mwaka 2019, Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limepewa kazi ya kusimamia usalama wa chakula. Lakini TBS haliwezi kukaa katika kila duka la kijiji. Bwana Afya hukagua maduka na magenge. Ukiona bidhaa iliyopitwa na wakati, mweleze yeye au Mtendaji wa Kijiji.

Maziwa hupimwa kwa laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi, hivyo kijiti huzama zaidi. Anayetia maji humpunja mnunuzi. Tena maji ya dimbwi humharisha mtoto.

Sheria haikuja kumnyang'anya mama muuza maziwa riziki yake. Maziwa yake yakiaminika, wateja watarudi. Kijiji chaweza pia kutunga sheria ndogo juu ya usafi wa maziwa. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, mkutano wa kijiji hujadili, na Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Basi njoo mkutanoni useme.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini homa ya bruselosi hudhaniwa kuwa malaria?
2. Taja vitu viwili ambavyo kuchemsha hakuviondoi katika maziwa.
3. Chukua pakiti yoyote dukani. Siku yake ya mwisho ni ipi?
4. Wauza maziwa wa kijiji chenu hutumia vyombo gani? Mfanye nini?