SOMO KWA MAKATIBU: PANGO LILILOPOKEWA MBELE

Vyama vingi vya msingi vina bohari, ofisi za zamani au vyumba vya maduka visivyotumika mwaka mzima, na wanachama huuliza kwa nini visipangishwe. Swali ni la haki. Kahawa na pamba huleta fedha kwa msimu. Pango huingia hata wakati mizani imefunikwa turubai. Lakini chama kinachopangisha nyumba kimeingia katika kazi ya pili, nayo ina hesabu zake. Somo hili lahusu hasa fedha inayolipwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa hapo ndipo chama huweza kujikwaa pasipo mtu kuiba hata senti moja.

Ni desturi katika miji mingi ya Tanzania mpangaji kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mathalani, chama kina vyumba 6, kila kimoja kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Februari wapangaji 3 wanalipa miezi 6, na katibu anaandika stakabadhi za jumla ya shilingi 1,440,000. Siku hiyo kasha limejaa na kamati hufurahi. Kwa kweli chama hakijapata kitu, kimeingia deni. Kinadaiwa miezi sita ya paa lisilovuja, mlango unaofungika na choo kinachofaa. Februari ikiisha, shilingi 240,000 ndizo zimekuwa mapato. Hesabu zikifungwa tarehe 31 Machi, mapato ya kuandikwa ni 480,000, na zile 960,000 zilizosalia huonyeshwa katika mizania upande wa madeni, kama pango lililopokewa mbele.

Njia nyepesi ni kuweka fedha yote ya pango katika akaunti yake, na kila mwisho wa mwezi kuhamisha sehemu ya mwezi huo tu. Katibu asiyefanya hivyo hatalaumiwa na mtu mwezi Februari. Atalaumiwa Aprili, masika yatakapoezua bati, na fedha imekwisha kununuliwa magunia. Mpangaji ambaye unga wake umelowa hataki kusikia habari za magunia. Dhamana nayo, pale inapotozwa, si mapato hata kidogo. Ni amana ya mpangaji, naye hurudishiwa aondokapo iwapo hana deni wala uharibifu.

Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa malipo ya nyumba na kwa malipo ya Serikali, na vitabu vya chama huchanganyikiwa kwa sababu hiyo. Yafaa kuandika “pango” kwa lile la kwanza. Kampuni inayopanga chumba cha chama hukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Ikiwa pango ni 480,000, chama hupokea 432,000. Katibu aandike pango kamili, aonyeshe 48,000 zilizozuiwa, na adai hati yake. Bila hati hiyo, chama hakina ushahidi wa kodi iliyokwisha kulipwa kwa niaba yake.

Katika makisio yanayopelekwa mkutano mkuu, isidhaniwe kwamba vyumba vyote vitajaa. Vyumba 6 kwa miezi 12 ni shilingi 5,760,000 kwenye karatasi. Kamati yenye busara hukisia miezi 10, yaani 4,800,000, kisha hutoa matengenezo, mlinzi na ada za Serikali. Chama kinachotaka kukopa ili kujenga kipime marejesho kwa kile kinachobaki baada ya hapo, na mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa.

Lipo jambo ambalo kamati hupenda kulinyamazia: mjumbe anayepanga chumba cha chama. Hakuna ubaya akilipa bei ile ile na kuandikiwa mkataba ule ule. Ubaya huanza anapoongezewa muda kwa neno la mdomo, kwani mpangaji mgumu kuliko wote ni yule anayeketi mezani siku ya kikao. Mjumbe huyo atoke chumbani wakati pango lake linapojadiliwa, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka.

Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005; tangu hapo, kiasi cha pango na muda wa kulipandisha hutegemea zaidi mapatano ya pande mbili. Ndiyo sababu mkataba wa maandishi ni wa lazima hata kwa jirani. Mpangaji akishindwa kulipa, aandikiwe notisi, na shauri lipelekwe panapostahili, likiwemo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufuli la katibu si hukumu, na bidhaa zikiharibika ndani ya chumba kilichofungwa, chama chaweza kugeuka mdaiwa.

Maswali ya kujadili katika chama:

1. Fedha ya pango iliyomo benki leo ni ya miezi ipi?

2. Mpangaji alilipa shilingi 960,000 za mwaka mzima tarehe 1 Januari, akaondoka kwa mapatano tarehe 31 Agosti. Arudishiwe kiasi gani, na fedha hiyo itoke fungu lipi?

3. Ni wajumbe wangapi wa kamati wamepanga vyumba vya chama, na mikataba yao iko wapi?