KUWAJIBIKA NI NINI HASA?

Kitenzi "wajibika" tunakitumia ovyo, ati kila aliyekosa awajibike. Hebu tukipime kwa kisa cha polisi wa Ayalandi.

Sajini Maurice McCabe alifichua kwamba baadhi ya wakubwa walikuwa wakiwafutia madereva alama za makosa ya barabarani kinyume cha utaratibu. Januari 2014, Kamishna Martin Callinan aliiambia kamati ya bunge kuwa ufichuzi wa aina hiyo ulimchukiza. Kumbe faraghani alikuwa akimpaka McCabe matope! Hayo yamo katika ripoti ya Jaji Peter Charleton ya Oktoba 2018.

Callinan aliondoka Machi 2014. Lakini kilichonikosesha usingizi ni cha Frances Fitzgerald. Mei 2015, akiwa Waziri wa Sheria, aliletewa barua pepe kwamba mawakili wa polisi wanahoji nia ya McCabe mbele ya tume. Hakuingilia. Jambo lilipojulikana bunge lilichemka, naye, sasa akiwa naibu wa waziri mkuu, akajiuzulu Novemba 2017 ili serikali isianguke. Mwaka uliofuata Jaji akasema hakukosea.

Basi aliwajibika kwa kosa gani? Mwalimu wetu alisema neno hili limetoka kwa wajibu, si kwa kosa. Nilibisha darasa zima likacheka. Sasa nakubali: waziri hubeba mzigo wa ofisi hata mikono yake ikiwa safi.

Na McCabe je? Serikali ilimwomba radhi. Mwezi ule ule wa ripoti, alistaafu upolisi.